Kadhi Aliyemsaidia Mmishonari

Mwaka 1844, mmishonari Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Shida ni kwamba Kiswahili chenyewe ndio kwanza alikuwa anajifunza. Aliyemsaidia alikuwa Mwislamu, tena si Mwislamu wa hivi hivi: alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa. Hebu fikiria hapo. Mmoja amekuja kuhubiri Injili, mwingine anahukumu kwa sharia, na wote wawili wanatafuta neno linalofaa.

Kadhi alibaki Mwislamu, Krapf akabaki Mkristo. Lakini sikiliza lugha yetu. Dhambi, imani, sala, malaika, shetani: yote haya yana asili ya Kiarabu, na Mkristo anayesali kwa Kiswahili hawezi kuyakwepa.

Sasa ingia darasani. Shule nyingi za kwanza nchini zilijengwa na wamishonari, na kila kanisa lilifundisha dini yake. Pwani, wazazi wengi Waislamu waliogopa watoto wao wangebatizwa huko, wakashikilia madrasa. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, lakini makanisa yakabaki kama wafadhili, na usemi wao kwenye mambo ya dini haukuisha. Hadi leo tuna masomo matatu: CRE ya Wakristo, IRE ya Waislamu na HRE ya Wahindu. Kwenye KCSE yana namba zinazofuatana, 313, 314 na 315. Ujirani wao unaishia hapo.

Mimi nilisoma CRE miaka minne. Kipindi cha dini kikifika, wenzetu Waislamu walibeba vitabu wakaenda chumba kingine, na mwalimu wa IRE akikosekana walikaa tu nje wakipiga stori. Nilimaliza nikijua safari zote za Paulo, lakini hakuna aliyenifundisha kwamba sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam, jina la mama yake Yesu. Hiyo niliisoma baadaye kwenye simu, ndani ya matatu, nikiwa nimeshaacha chuo kikuu.

Utauliza, kwani iko nini? Iko hivi: tusipofundishwa darasani, tunafundishwa kwingine, na ada ya huko ni kubwa.

Tunafundishwa mahakamani. Kesi ya hijabu kutoka shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na kanisa ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka 2016 iliruhusu hijabu, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo. Miaka yote hiyo mawakili walibishana juu ya kitambaa ambacho mwalimu mzuri angeeleza maana yake kwa kipindi kimoja cha dakika 40.

Tunafundishwa pia kwa bunduki. Novemba 22, 2014, al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria kwa dini, na watu 28 wakauawa. Desemba 2015 walijaribu tena karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mmoja wao, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kazi yake ilikuwa ualimu.

Woga wa wazazi naujua: mtoto akisoma dini ya jirani, atahama. Mji wa Modesto, California, ulijaribu. Kuanzia 2000, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari walisoma dini za dunia pamoja, likiwa somo la lazima, ingawa mzazi aliweza kumtoa mwanawe. Watafiti Emile Lester na Patrick Roberts waliwafuatilia, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba wanafunzi waliheshimu zaidi haki za dini za wengine, na hawakuziacha zao.

Sisi tumebadilisha mtaala mzima, tukatoka 8-4-4 tukaingia CBC, na bado vitabu vya dini ni vitatu. Sisemi vichomwe. Anayetaka kuijua dini yake kwa undani aendelee, ni haki yake. Ninachoomba ni muhula mmoja tu, kabla ya mtihani kuwashika koo, ambapo mwalimu wa IRE anaingia kwa watoto wa CRE, wa CRE anaenda upande ule, na Uhindu nao unapata wiki zake. Hakuna kusilimishana wala kubatizana. Ni kujua tu jirani anaamini nini, na kwa nini.

Walimu wapo na vyumba vipo. Kilichobaki ni ratiba.