Mkono Ulionyooka

Mbuzi alikuwa ameingia kwenye uwanja wa shule, na mvulana mmoja wa gredi ya nane akaokota jiwe. Kutoka pale aliposimama hadi kwa mbuzi ni kama hatua arobaini. Hakumlenga mbuzi. Alilenga ardhi mbele ya miguu yake, jiwe likadunda, mbuzi akageuka na kurudi alikotoka. Kila mtoto aliyechunga mifugo hapa Elwak anaijua kazi hiyo. Nilisimama na chaki mkononi nikawaza: mrushaji wa kasi wa kriketi hutumia miaka kutafuta mahali pa kudundisha mpira, na huyu amepajua tangu utotoni bila kufundishwa na mtu.

Kisha nikafanya kosa. Nilimpa mpira wa tenisi uliofungwa tepu nikamwambia, "Haya, rusha." Akarusha vilevile alivyorusha jiwe, kiwiko kikakunjwa kikakunjuka. Wenzake wakapiga kelele za furaha. Kwa sheria za kriketi mpira ule si halali hata kidogo, na wa kulaumiwa ni mimi, maana Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Watangazaji wanasema "mrushaji", magazeti yanaandika "mrushaji", lakini kinachokatazwa kwenye kriketi ni huko kurusha kwenyewe. Wachezaji wa Nairobi wamekwepa shida hii, wao husema tu "kuboli". Tangu siku hiyo na mimi nasema kuboli.

Mkono ulionyooka una historia ya ugomvi. Zamani Waingereza waliboli kwa mkono wa chini, kama mtu anayevingirisha chungwa. Mwaka 1822, kwenye uwanja wa Lord's mjini London, John Willes wa Kent aliinua mkono hadi karibu na bega, mwamuzi akaukataa mpira wake, na inasemekana alipanda farasi wake akaondoka, asirudi tena kwenye mchezo. Sheria ilimfuata polepole: mwaka 1835 mkono ukaruhusiwa kufika usawa wa bega. Mwaka 1862 Edgar Willsher naye aliadhibiwa kwa kuupitisha juu ya bega, wenzake wakatoka uwanjani, na miaka miwili baadaye, 1864, mkono wa juu ukawa halali. Hao warushaji wote wa kasi unaowaona kwenye simu ni matunda ya ule ugomvi. Hata leo haujaisha: tangu 2005 kiwiko kinaruhusiwa kunyooka kwa nyuzi 15 tu wakati wa kuachia mpira. Jicho haliwezi kupima hilo, linapimwa maabara. Sisi hapa tunapima kwa kumfunga mtoto rula ya mbao mkononi. Anacheka, lakini anaelewa.

Mtu atauliza, kwa nini Elwak na kriketi? Swali lingefaa ligeuzwe: kwa nini kriketi haikufika Elwak? Mombasa ilichezwa tangu miaka ya 1890. Nairobi ilipata viwanja vya Wazungu na vya Wahindi, na baadaye vijana Waafrika waliokulia kando ya viwanja hivyo wakaingia. Akina Tikolo na akina Odumbe walikulia karibu na uwanja wa klabu ya Sir Ali Muslim. Huku kwetu ilikuwa wilaya iliyofungwa. Sheria ya wilaya maalum ya mwaka 1934 ilimtaka mtu awe na kibali ndipo asafiri, kuingia au kutoka. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 haikuondolewa hadi 1991. Mchezo hufuata barabara, klabu na watu wanaotembeleana. Sisi tulitembelewa na majeshi. Tarehe 16 Desemba 1940 Waafrika Kusini na askari wa Gold Coast waliwapiga Waitaliano hapahapa El Wak, na wanahistoria wa vita wanaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko wanavyovikumbuka visima vilivyoupa mji jina lake: ceel ni kisima, Waaq ni jina la kale la Mungu.

Kwa hiyo tarehe 29 Februari 1996, Kenya ilipocheza na West Indies mjini Pune, India, hapa kwetu habari hiyo ilisikika kwa redio tu, waliyokuwa nayo. Kenya ilikuwa kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kama nchi yenyewe. Ilitoka na mikimbio 166, na kila mtu alidhani mechi imekwisha. Wale jamaa walikuwa wameshatwaa kombe mara mbili, 1975 na 1979, na walikuwa na Ambrose na Walsh, warushaji wa kuogopwa dunia nzima. Wakatolewa wote kwa 93. Rajab Ali alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 17. Alimwangusha nahodha Richie Richardson, na Brian Lara akadakwa na Tariq Iqbal akiwa na 8.

Nimeitazama mechi hiyo mara nyingi, na kinachonivutia ni kwamba Rajab Ali hakuwa na kasi ya kutisha. Alikuwa na mstari. Mpira baada ya mpira ulitua mahali pamoja, ukimwacha mpigaji aamue mwenyewe kukosea. Thomas Odoyo alikuwa na miaka 17 kwenye kombe lile. Baadaye akawa mchezaji wa kwanza kutoka nchi isiyocheza Test kufikisha mikimbio 1,500 na wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja. Huwezi kufika huko kwa mgongo uliovunjika.

Mgongo ndio hasa nilitaka kuufikia.

Nilisoma bweni Nairobi, na nikiwa na miaka 16 nilikuwa na kasi. Mkufunzi wetu, simtaji, alinipa mpira Jumamosi moja asubuhi na hakuninyang'anya. Niliboli ova 14 mfululizo. Wiki iliyofuata nikihisi kisu upande wa kushoto chini ya kiuno kila nilipojipinda nyuma, akasema ni maumivu ya kukua. Sikuboli tena. Miaka mingi baadaye daktari alinionyesha kwenye picha ufa mdogo wa zamani kwenye pingili. Anayeboli kwa mkono wa kulia mara nyingi huvunjika kushoto.

Laiti mtu angeniambia habari za Dennis Lillee. Mwaka 1973 huyo Mwaustralia alipata nyufa kama hizo akiwa ziarani West Indies. Alifungwa plasta wiki kadhaa, kisha akajijenga upya na mtaalamu wa mazoezi Frank Pyke: alikimbia, akaimarisha tumbo na mgongo, akabadili mwendo wake. Alirudi 1974 akawasumbua Waingereza wakiwa na Jeff Thomson, na alipostaafu 1984 alikuwa na wiketi 355. Baadaye watafiti wa Australia Magharibi walieleza hatari iko wapi: mguu wa nyuma ukitua nyonga zikiwa zimeelekea upande, halafu mabega yakazunguka kivyake, uti unakamuliwa kama nguo. Chagua moja. Geukia upande mwili mzima, au tazama mbele mwili mzima.

Mguu wa mbele ndio unaobeba gharama. Ukigonga ardhi hupokea nguvu mara tano ya uzito wa mwili au zaidi, na goti likibaki imara, mbio zako zote hupanda hadi begani. Mrusha mkuki anajua jambo hilo. Julius Yego wa Nandi, aliyejifunza kwa video za intaneti na kuwa bingwa wa dunia 2015 kwa mita 92.72, hufunga breki kwa mguu wa kushoto namna hiyohiyo. Nimewaonyesha wavulana video yake ikichezwa polepole. Walimwelewa Yego haraka kuliko walivyonielewa mimi.

Mazoezi yetu ni ya kawaida tu. Kukimbia kwenye mchanga wa lagha asubuhi kabla jua halijawaka, kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kulala kifudifudi ukijiinua kwa viwiko na vidole vya miguu. Maziwa ya ngamia yapo, sina la kuwafundisha hapo. Mwezi wa Ramadhani tunatembea hatua tu bila mpira. Mtoto aliyefunga kwenye joto la hapa haboli, hata akiapa walahi ana nguvu.

Hesabu ndiyo inayoleta ugomvi. Mwongozo uliotumika Uingereza kwa miaka mingi unampa mwenye miaka 14 ova 6 kwa mkupuo na 12 kwa siku. Huyu wangu anataka ishirini. "Mwalimu, moja tu, mkono bado uko sawa." Mkono uko sawa, ndiyo. Mkono wangu pia ulikuwa sawa. Namnyang'anya mpira, ananuna, anakwenda kukaa chini ya mgunga na wenzake wanamtania.

Jumamosi tulipima mbio zake upya kwa kamba, kutoka alama ya kuanzia hadi mstari. Hatua 13. Alikanyaga mstari mara mbili kati ya sita, kwa hiyo tumeisogeza alama nyuma nusu hatua, tukaweka jiwe hapo.