Jina ilitosha kulipa, haikutosha kuchagua

Wandugu, watu husema jina ni kitu kidogo tu. Mimi nikisoma historia ya Lucy Stone wa Marekani, ninaona hapana.

Huyu mama alipata diploma yake Oberlin mwaka 1847. Mwaka 1855 akaolewa na Henry Blackwell, lakini akabakia na jina ya baba yake. Nyumba yao ya Orange, New Jersey, iliandikwa kwa jina yake. Karatasi ya kodi ilipofika, akairudisha: wanawake hawaruhusiwi kuchagua, basi walipe ya nini? Mwezi wa kwanza 1858 Leta ikauzisha vyombo vya nyumba yake.

Mwaka 1879, kule Massachusetts, wanawake wakaruhusiwa kupiga kura kwa mambo ya masomo. Yeye wakamukatalia: ajiandikishe Blackwell, ao aache. Akaacha.

Kwa kulipa, Stone ilitosha. Kwa kuchagua, haikutosha.

Kwetu Kongo pia, mpaka sheria ya 2016, bibi alipashwa kupata ruhusa ya bwana mbele ya kutia sahihi mbele ya sheria.

Kwa iyo, dada zangu, mbele ya kugeuza jina muulize: itanifungulia nini, na itanifungia nini?