Kutengeneza bango kutoka shairi fupi: mfano wa Zaburi 133

Mabango ya umoja katika parokia zetu, yale ambayo wengi huita afishi, yanafanana sana: mikono miwili inayoshikana, njiwa mweupe, na neno UMOJA kwa herufi kubwa. Si mabaya. Lakini bango likitoka katika shairi, linapaswa kuwaonyesha watu kile ambacho shairi lenyewe linaonyesha. Zaburi 133 ina mistari 3 tu, nayo inawafaa vijana wanaoandaa ibada ya upatanisho.

Soma kwanza, chora baadaye

Zaburi hii ni mojawapo ya nyimbo 15 za kupanda (Zaburi 120 hadi 134). Wataalamu wengi huziona kuwa nyimbo za mahujaji waliokuwa wakienda Yerusalemu. Mtunzi analinganisha umoja wa ndugu na vitu viwili: mafuta juu ya kichwa cha Haruni, na umande wa Hermoni. Katika Kiebrania, kitenzi cha kushuka kinarudi mara 3: mara 2 kwa mafuta, mara 1 kwa umande. Shairi lote linatembea kutoka juu kwenda chini.

Basi bango nalo lifanye hivyo. Karatasi au kitambaa kisimame wima, picha ianzie juu, na maneno yakae chini, jicho linapofikia. Mikono inayoshikana inasema umoja ni mapatano yetu. Zaburi inasema kwanza ni baraka ya Mungu.

Chagua picha moja

Ukichagua mafuta, kumbuka vazi la kuhani mkuu. Kutoka 28 inaeleza kwamba kifuani alibeba mawe 12, kila moja na jina la kabila la Israeli. Mawe hayo hayakuwa ya aina moja, wala majina hayakufutwa. Unaweza kuchora mafuta yakishuka kuelekea mawe 12 ya rangi mbalimbali. Hapo mtu anaelewa bila hotuba kwamba umoja wa kanisa haumwombi yeyote afiche kabila lake.

Ukichagua umande, chora milima miwili. Hermoni iko kaskazini, kwenye mpaka wa Siria na Lebanoni, na kilele chake kina mita 2,814. Sayuni ni kilima cha Yerusalemu, mbali upande wa kusini. Mtunzi anaona umande wa mlima mmoja ukibariki mwingine. Kwetu Kivu na Ituri jambo hili ni zito. Ukichora mlima mmoja tu, watu watauliza: ni mlima wa nani?

Maneno na herufi

Usijaze mistari yote 3 katika lugha 4. Andika maneno machache, pamoja na sura na mstari, kwa lugha inayosomwa na wengi. Rangi 2 au 3 zinatosha. Herufi nyeusi juu ya kitambaa cheupe husomeka vizuri kuliko njano juu ya nyeupe. Litundike kwa muda, kisha kaa kwenye benchi la mwisho. Usipoweza kusoma kutoka pale, ongeza ukubwa wa herufi.

Kabla ya kulitundika rasmi

Waonyeshe watu wachache wasiofanana: mzee wa kanisa, kijana, mama aliyekimbia vita na sasa anasali nanyi, na mtu wa kabila lisilo na wengi parokiani. Uliza swali moja: «Wewe unajiona wapi hapa?» Akinyamaza au akisema hajioni, rudini mezani mbadilishe, hata kama rangi imekwisha kukauka. Kubadilisha bango ni rahisi kuliko kumrudisha ndugu aliyeona ukutani kwamba hana nafasi.

Bango peke yake halipatanishi watu. Lakini linaning'inia pale kila Jumapili, na wanaogombana hulitazama wakiwa wamekaa benchi moja. Liwaambie ukweli.