Muuaji wa kukodiwa alifika Kongo, lakini si yeye aliyemuua Lumumba

Kolwezi. 

Juzi mvua ilinikamata kule Kasulo, nikaingia ndani ya kibanda kimoja cha kuonyeshea filamu. Vijana walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengi wao wachimbaji waliotoka shimoni na udongo bado kwenye magoti. Filamu ilikuwa ya kijasusi: mtu mmoja mwenye miwani myeusi, bastola isiyotoa mlio, pasipoti sita. Anaingia mji, anaua, anatoka, hakuna anayemjua jina. Ilipokwisha, kijana mmoja akasema kwa sauti: «Ndivyo walivyomuua Lumumba. Wamarekani walituma mtu mmoja tu, akamaliza kazi.» Wengine wakakubali. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akatikisa kichwa, lakini hakusema kitu.

Nilitoka pale na swali. Huyo mtu mmoja alikuwako kweli? Jibu litawashangaza wengi: alikuwako, tena walikuwa wawili. Lakini Lumumba hakufa mikononi mwao.

Sumu ya mswaki

Turudi mwaka 1960. Uhuru wetu ni tarehe 30 mwezi wa sita. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 mwezi wa saba, Moïse Tshombe anatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kampuni ya Union Minière, iliyokuwa bwana wa shaba yetu kuanzia Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na Jadotville (Likasi ya leo) mpaka hapa Kolwezi, inalipa kodi zake kwa Tshombe badala ya Leopoldville. Ubelgiji inaleta maofisa na washauri. Waziri mkuu Patrice Lumumba anaomba msaada wa ONU, na anapoona msaada huo haumsaidii kurudisha Katanga, anageukia Urusi ya wakati ule. Hapo Washington ikaamua kwamba mtu huyu ni hatari.

Tarehe 26 mwezi wa nane, mkuu wa CIA, Allen Dulles, alimwandikia mtu wake wa Leopoldville, Larry Devlin, kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka na la kwanza. Mwezi uliofuata, Devlin akapokea mgeni aliyetambulishwa kwa jina la «Joe kutoka Paris». Mgeni huyo alikuwa Sidney Gottlieb, mtaalamu wa kemia wa CIA. Ndani ya mizigo yake mlikuwa na sumu, glavu za mpira, barakoa na sindano. Sumu ilichaguliwa ili mtu aonekane amekufa kwa ugonjwa wa kawaida wa huku kwetu. Ilipasa iwekwe katika chakula chake au kwenye mswaki wake wa meno.

Hakuna aliyeweza kuufikia mswaki huo. Lumumba, ambaye Kasa-Vubu alikuwa amekwisha kumfukuza kazi na ambaye Mobutu alikuwa anamtafuta, alikuwa amefungiwa ndani ya nyumba yake, huku askari wa ONU wakimlinda na askari wa Mobutu wakiwazunguka hao wa ONU. Sumu ilikaa mpaka nguvu yake ikapungua. Mwisho Devlin akaitupa ndani ya mto Kongo.

Wauaji wawili katika hoteli moja

Sasa ndipo wanaingia watu wa filamu. Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja alifika Leopoldville mtu aliyeajiriwa na CIA huko Ulaya, mwenye historia ya uhalifu. Katika barua za siri aliitwa QJ/WIN. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili akafika wa pili, WI/ROGUE. Huyu alikuwa mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, mghushi wa karatasi na mwizi wa benki wa zamani. Kabla ya kumleta, walimfanyia upasuaji wa uso na kumvisha nywele za bandia, ili mzungu yeyote anayepita Kongo asimtambue.

Wote wawili walikaa katika hoteli moja. Hakuna aliyemjua mwenzake. WI/ROGUE akamwendea QJ/WIN, akamwambia anatafuta watu kwa ajili ya kikosi cha kuua, atamlipa dola 300 kwa mwezi. Yaani muuaji wa CIA alikuwa anamtafutia kazi muuaji wa CIA! QJ/WIN akakataa, kisha akaenda kulalamika kwa wakubwa wake juu ya mtu huyo wa ajabu.

Haya si maneno ya kijiweni. Yameandikwa katika ripoti ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani, iliyotolewa mwaka 1975 chini ya seneta Frank Church. Kamati hiyo ilisema wazi kwamba CIA ilipanga kumuua Lumumba. Ilisema pia kwamba haikupata ushahidi kuwa mipango hiyo ndiyo iliyomletea kifo. Huyo WI/ROGUE alipokuwa anafungua mizigo yake hotelini, Lumumba alikuwa amekwisha kamatwa. Alitoroka nyumba yake usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, akielekea Stanleyville kwa watu wake, na askari wa Mobutu wakamshika karibu na mto Sankuru.

Waliofanya kazi walikuwa na majina

Wapendwa, hapa filamu inakwisha na mambo ya ofisi yanaanza. Nawaomba mvumilie, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo vijana wa kibandani hawakuambiwa.

Mfungwa alikuwa katika kambi ya askari ya Thysville. Tarehe 13 mwezi wa kwanza 1961 askari wa kambi hiyo waliasi wakidai mishahara, na wakubwa wa Leopoldville wakaogopa kwamba watamfungua. Waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, tangu mwezi wa kumi alikuwa ameandika kwamba Lumumba anapaswa kuondolewa moja kwa moja. Tarehe 16 mwezi wa kwanza alituma ujumbe akisisitiza kwamba Tshombe ampokee mfungwa. Kesho yake, tarehe 17, Lumumba pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipandishwa ndege. Walipigwa njia nzima.

Jioni ndege ilitua uwanja wa Luano, Elisabethville. Wakapelekwa katika nyumba ya mzungu mmoja, nyumba ya Brouwez, si mbali na uwanja. Wakapigwa tena. Mawaziri wa Katanga walifika kuwaona. Usiku uleule magari yalichukua njia ya kuelekea Jadotville, yakakata porini mpaka mahali panapoitwa Shilatembo, kilomita kama 50 kutoka mjini. Tshombe mwenyewe alikuwako, pamoja na waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, na mawaziri wengine. Kapteni Julien Gat, Mbelgiji, aliongoza kikosi cha kupiga risasi. Frans Verscheure, Mbelgiji, komisa wa polisi, ndiye aliyewapeleka wafungwa mmoja baada ya mwingine mbele ya mti. Kabla ya saa nne ya usiku kazi ilikuwa imekwisha.

Hakuna miwani myeusi hapo. Kuna waziri anayetia sahihi, rubani anayerusha ndege, kapteni anayetoa amri, askari wanaotii, na baadaye polisi anayefuta alama. Huyo wa mwisho ni Gerard Soete, Mbelgiji wa polisi ya Katanga. Miili ilifukuliwa, ikazikwa upande wa Kasenga, ikafukuliwa tena. Soete na ndugu yake wakaikata kwa msumeno na kuiyeyusha katika asidi ya salfa iliyotoka Union Minière. Sisi wa Kolwezi tunaiona asidi hiyo kila siku juu ya malori, tunajua ni ya kusafishia shaba. Mwaka ule waliitumia ili pasiwe na kaburi.

Uongo uliopita kwenye radio

Sasa nafika kwa jambo linaloniuma mimi ninayeshika mikrofoni.

Tarehe 10 mwezi wa pili, watu walipokuwa wameanza kuuliza, Munongo alitangaza kwamba Lumumba na wenzake wametoroka shamba walikokuwa wamefungwa. Radio ikasema hivyo. Tarehe 13 akatangaza tena: wamekufa, wameuawa na wanakijiji waliowakuta porini. Kijiji hakikutajwa jina, eti kisije kikalipiziwa kisasi, tena wanakijiji watapewa zawadi ya faranga 400,000. Daktari mmoja Mbelgiji alikuwa ametia sahihi vyeti vya kifo. Zilikuwa zimepita siku 27 tangu Shilatembo.

Angalia namna uongo huo ulivyojengwa. Aliyepanga alikuwa na jina, cheo na gari. Lawama ikatupwa juu ya maskini wasio na jina, watu wa kijiji fulani, mahali fulani porini. Ni nani angejitetea? Mwanakijiji hana radio.

Ninyi mliofukuzwa hapa mnaelewa maneno haya kuliko mimi. Mwaka 1992 kule Likasi na mwaka 1993 hapa Kolwezi, wakubwa walisema hadharani kwamba ndugu zetu wa asili ya Kasai ndio sababu ya shida za Katanga. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Maneno yalitangulia, fimbo zikafuata, na familia nyingi zikalala stesheni zikisubiri gari la moshi, na magodoro na sufuria juu ya udongo. Watoto walifia pale. Nilikuwa mdogo sana, lakini mama yangu alinihadithia jirani aliyemwachia kuku wake wawili akisema atarudi kuwachukua. Hakurudi. Wala walioyatamka maneno yale hawakulala stesheni hata usiku mmoja.

Uongo wa Munongo haukudumu. Mwezi wa kumi na moja 1961 tume ya uchunguzi ya ONU ilikataa habari ya kutoroka, ikasema wafungwa waliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza, mbele ya wakubwa wa Katanga. Mwaka 1999 Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu chenye nyaraka na majina. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na mwezi wa pili 2002 serikali ya Ubelgiji ikaomba radhi kwa watu wa Kongo. Soete mwenyewe, kabla ya kufa mwaka 2000, alionyesha kwenye televisheni meno aliyokuwa ameyang'oa kwenye maiti.

Jino likarudi

Watoto wa Lumumba hawakuchoka. Mwaka 2011 walipeleka mashtaka Brussels. Mwaka 2016 polisi wa Ubelgiji walilichukua jino moja nyumbani kwa binti ya Soete. Mwaka 2020 Juliana Lumumba aliandika barua kwa mfalme akiomba baba yake arudishwe nyumbani. Tarehe 20 mwezi wa sita 2022 familia ilikabidhiwa jino hilo, likiwa ndani ya jeneza. Likapita kijiji alikozaliwa, Kisangani, na Shilatembo kwetu, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi wa sita.

CIA walitaka kumuua kwa mswaki wa meno. Asidi ikala kila kitu. Kilichobaki ni jino, na jino hilo ndilo lililowapa watoto wake mahali pa kulia.

Nilirudi Kasulo siku ya pili yake. Yule kijana nilimkuta anafunga magunia. Nilipomweleza habari ya wauaji wawili wa hoteli moja alicheka sana. Nilipofika kwenye habari ya kijiji kisicho na jina, akaacha kucheka. Akaniuliza: «Kwa hiyo wale wanakijiji, nani aliwaomba radhi?»

Sikuwa na jibu. Ubelgiji iliomba radhi kwa familia na kwa Wakongo wote, ni vizuri. Lakini bado sijasikia radio yoyote ikirudi kwenye mikrofoni kusema: siku ile tuliwasingizia watu wa vijijini, na haikuwa kweli. Basi mimi nasema leo, kwa sehemu yangu ndogo. Na kesho, mtu akija kwenu hapa Kolwezi akisema watu wa kabila fulani, wa kartie fulani, wa kijiji fulani ndio wamefanya, mwambieni ataje majina: nani alitoa amri, nani alilipa, nani alitia sahihi. Asipoweza kuyataja, msimsaidie kubeba habari hiyo.

Ninyi mlioondoka mwaka 1993, kama mnakumbuka nyumba mlizoziacha na majirani waliowaficha, tuandikieni au tumeni sauti. Tutazisoma hewani.