Mkupuo au Mwezi kwa Mwezi: Historia ya Sheria za Mafao Tanzania

Sheria za mafao ya wafanyakazi katika Tanganyika ya mkoloni zilianza kwa kuwagawa watu mafungu mawili: wenye haki ya kupewa pensheni na wasio nayo. Ofisa wa serikali aliyetoka Uingereza alihudumu muda wake, akastaafu, na kulipwa kila mwezi mpaka kufa. Kuli, tarishi na mkata mkonge hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mtawala aliamini kwamba Mwafrika ni mfanyakazi wa kupita tu, na kwamba uzeeni atalelewa na shamba lake na ukoo wake kijijini. Dhana hiyo iliipunguzia serikali gharama, na haishangazi kwamba ilidumu.

Mashamba ya mkonge ndiyo yaliyoidhihirisha zaidi. Manamba walioletwa Tanga na Morogoro kutoka mikoa ya mbali walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi zilizotakiwa kukamilika ndani ya siku 42. Kadi ikijaa, mtu alilipwa ujira wake. Kipande kilihesabu siku, hakikuhesabu miaka ya utumishi, na mtu aliyejaza vipande kwa muongo mzima alirudi kwao na kile alichoweza kukifungia kwenye kibindo.

Vita Kuu ya Pili ilipoongeza idadi ya makarani, mafundi na watumishi wa ofisini, serikali ililegeza kidogo. Mwaka 1942 ilitungwa sheria ya mfuko wa akiba kwa watumishi wa serikali wasio na haki ya pensheni, na mwaka 1944 ukafuata mfuko wa namna hiyo kwa watumishi wa serikali za mitaa. Tofauti kati ya akiba na pensheni ndiyo kiini cha habari yote inayofuata. Katika akiba, mfanyakazi hukatwa, mwajiri huongeza, na siku ya kuondoka fedha hutolewa zote kwa mkupuo pamoja na riba, zikiisha, zimeisha. Katika pensheni, malipo hufuata urefu wa utumishi na kiwango cha mshahara, nayo huendelea mstaafu akiwa hai, awe ameishi miaka mitatu au thelathini. Kwa maneno mengine, hatari ya kuishi muda mrefu hubebwa na mfuko katika pensheni, na katika akiba hubebwa na mzee mwenyewe. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ilikuja mwaka 1949, na ya pensheni za watumishi wa serikali mwaka 1954.

Uhuru haukuubadili mfumo huo mara moja. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kiinua mgongo kwa wanaoachishwa kazi, na mwaka 1964 ukaanzishwa mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi za NPF. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kiwandani au shambani aliwekewa fedha kwa jina lake. Hata hivyo, dola huru ilichukua mtindo uleule wa akiba na mkupuo. Udhaifu wake ulionekana miaka ya 1980, mfumuko wa bei ulipofika karibu asilimia 30 kwa mwaka. Aliyekatwa senti zake tangu ujana alipokea mafao ambayo bei za madukani zilikwisha kuyala. Wafanyakazi wa mashirika ya umma waliponea kidogo, maana mwaka 1978 walikuwa wamepata mfuko wao wa pensheni, PPF.

Pigo la aina nyingine lilitokana na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Reli, bandari, posta na shirika la ndege vilikuwa mali ya nchi tatu, na michango ya wafanyakazi wake ilikuwa kwenye mifuko ya pamoja. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984, kila nchi ikibeba wajibu wa kuwalipa raia wake. Nchini Tanzania, waliokuwa watumishi wa Jumuiya walidai mafao yao kwa miaka mingi, wakafika Mahakama Kuu, wakafikia maafikiano na serikali mwaka 2005, na hata baada ya hapo baadhi yao waliendelea kulalamika kwamba wamepunjwa. Wazee kufunga barabara Dar es Salaam kukawa habari ya kawaida magazetini. Haki ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi tangu mwanzo, ila hakukuwa na fungu lililotengwa la kuitimiza.

Mageuzi ya kweli yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Sheria ya mwaka 1997 iliigeuza NPF kuwa NSSF, na akiba ikawa pensheni, pamoja na mafao ya uzazi, ulemavu na urithi. Mchango uliwekwa asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu baina ya mwajiri na mwajiriwa. Zanzibar ilianzisha mfuko wake, ZSSF, mwaka 1998. Mwaka 1999 watumishi wa serikali, ambao hadi hapo pensheni yao ilitoka hazina bila wao kukatwa, waliingizwa PSPF kwa mchango wa asilimia 5 kutoka kwao na 15 kutoka serikalini. Miaka ya utumishi ya kabla ya 1999 ilihesabiwa pia, ingawa haikuwa imechangiwa, na deni hilo lilikaa mfukoni hadi mwaka 2021, serikali ilipotoa hatifungani isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza.

Mazoea ya mkupuo hayakufa. Marekebisho ya mwaka 2012 yaliposimamisha fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yote mtu anapoacha kazi kabla ya uzee, wafanyakazi walikuja juu, hasa wa migodini. Walikuwa na hoja: mkataba wa mgodini ni mfupi, na kumwambia mchimbaji wa miaka 32 asubiri hadi afike 55 ni kumwomba imani kubwa mno.

Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya za kukokotoa mafao zikazua mgogoro ambao wengi wanaukumbuka kwa neno moja: kikokotoo. Hesabu yenyewe si ngumu. Mstaafu aliyetumikia miezi 360 kwa mshahara wa shilingi milioni 1 ana mshahara wa mwaka wa milioni 12. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi huzidishwa kwa mshahara wa mwaka na kugawanywa kwa 540, ikapatikana pensheni ya mwaka ya milioni 8. Nusu yake huzidishwa kwa 15.5, na mkupuo ukawa milioni 62. Nusu iliyobaki hulipwa kila mwezi, kama shilingi 333,000. Kwa kanuni mpya kigawanyo kilikuwa 580, sehemu ya mkupuo asilimia 25, na kizidisho 12.5. Mtu yuleyule, tukichukulia mshahara wake haukubadilika miaka ya mwisho, angepata mkupuo wa takriban milioni 23.3 na pensheni ya shilingi 465,000 kwa mwezi.

Wataalamu walitazama ile 465,000. Watumishi walitazama milioni 39 zilizopungua, ambazo kwa wengi zilikuwa nyumba ambayo haijaezekwa. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliagiza kanuni za zamani zirudi hadi mwaka 2023. Baada ya mazungumzo na vyama vya wafanyakazi, kanuni moja kwa mifuko yote ilianza Julai 2022, kwa kigawanyo na kizidisho vilevile vya 2018, mkupuo ukiwa asilimia 33. Mwaka 2024 kiwango kilipandishwa hadi 40 kwa kundi ambalo kwa kanuni za zamani lilikuwa likipata nusu, kama la PSPF, na 35 kwa lililokuwa likipata robo. Kwa mstaafu wa mfano wetu, asilimia 40 ni mkupuo wa takriban milioni 37.2 na pensheni ya shilingi 372,000 kila mwezi.