Stima, bei na ahadi

Leo tuache programu kidogo, tuongee juu ya kile kinachowasha kompyuta zetu: stima.

Serikali ikitaka watu wazalishe umeme, inaweza kupunguza kodi, kutoa ruzuku au mikopo nafuu. Lakini njia moja iliyoleta mabadiliko makubwa ilikuwa ahadi tu: zalisha, utanunuliwa, na bei ni hii.

Ujerumani ilipitisha sheria fupi ya namna hiyo mwaka 1990. Kuanzia 1991, kampuni za umeme zililazimika kununua umeme wa upepo na jua kwa asilimia 90 ya bei ya wastani waliyolipa wateja. Mkulima mwenye mtambo wa upepo shambani akawa muuzaji. Sheria ya mwaka 2000 ikaweka bei maalum kwa miaka 20, lakini mitambo iliyojengwa baadaye ikapata bei ya chini. Aliyetangulia alilindwa, aliyechelewa akasukumwa kupunguza gharama. Mwaka 2000 nishati jadidifu ilitoa kama asilimia 6 ya umeme wao. Mwaka 2023 ilipita nusu. Nani alilipa? Wananchi, kupitia bili zao, mpaka 2022 serikali ilipobeba mzigo huo.

Kenya nayo ikatoa sera yake ya bei maalum mwaka 2008, kwanza kwa upepo, mabaki ya mimea na mito midogo. Jua na mvuke wa ardhini zikaongezwa 2010.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, ulikuwa na mkataba wake wenyewe, lakini wazo ni lile lile: bei maalum kwa miaka 20. Mitambo yote 365 ilikuwa imesimama kufikia 2017. Tatizo? Laini ya kuleta umeme Suswa, iliyokuwa jukumu la serikali, ilikamilika Septemba 2018. Upepo ulivuma, mitambo ikangoja, na fidia ikahesabiwa kwa mabilioni ya shilingi.

Kwa lugha ya kazi yangu, tuliandika kipande kimoja cha programu, tukachelewa na kile kinachokitegemeza.

Mwaka 2021 Kenya ilibadili mkondo: upepo na jua zishindaniwe kwa mnada. Ni sawa, lakini mnada haujengi laini. Ahadi ya bei huvuta mwekezaji. Nyaya ndizo hufikisha stima nyumbani. Wewe waonaje?