Kuhamia Mfumo Endeshi Mpya wa Simu Janja: Mambo ya Kupima Kabla ya Uamuzi

Ujumbe hujitokeza kwenye kioo cha simu ukimjulisha mtumiaji kwamba toleo jipya la mfumo endeshi lipo tayari kupakuliwa. Wapo wanaokubali bila kusoma, na wapo wanaoahirisha kwa miezi mingi wakihofia kwamba simu itakuwa nzito au kifurushi cha intaneti kitakwisha. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au mkulima wa Mbarali ambaye simu ndiyo pochi yake, daftari lake la wateja na njia yake ya kupata huduma za Serikali, uamuzi huo si mdogo. Makala haya yanaeleza mfumo endeshi ni nini, ni mabadiliko yapi hayafai kucheleweshwa, yapi yanaweza kusubiri, na ni maandalizi gani yafanyike kabla ya kuhama.

Mfumo endeshi na familia zake

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoongoza sehemu zote za simu: kioo, kamera, betri, kumbukumbu na mawasiliano. Programu nyingine zote, kuanzia za benki hadi za kutumiana ujumbe, hutegemea mfumo huo ili kufanya kazi.

Soko la dunia la simu janja limetawaliwa na familia mbili. Ya kwanza ni Android, inayosimamiwa na kampuni ya Google na kutumiwa na watengenezaji wengi wa simu. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008. Ya pili ni iOS ya kampuni ya Apple, inayopatikana katika simu za iPhone pekee, ambazo ziliingia sokoni mwaka 2007. Ipo pia mifumo mingine. KaiOS ilibuniwa kwa ajili ya simu za vitufe zenye uwezo wa intaneti. HarmonyOS ilitangazwa na kampuni ya Huawei mwaka 2019, mwaka ambao Marekani iliiwekea kampuni hiyo vikwazo vya kibiashara, na simu zake mpya zikaanza kuuzwa bila huduma za Google.

Aina tatu za mabadiliko

Mkanganyiko mwingi hutokana na kuyachukulia mabadiliko yote kuwa ya namna moja. Kwa hakika yapo matatu, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni kiraka cha usalama. Hili ni sasisho dogo linaloziba mianya ambayo wahalifu wanaweza kuitumia kuingia katika simu. Kwa kawaida halibadilishi mwonekano wa simu.

La pili ni toleo jipya la mfumo uleule, mfano kutoka toleo moja la Android kwenda linalofuata. Hili huleta mwonekano mpya na uwezo mpya, na huhitaji nafasi kubwa zaidi ya hifadhi.

La tatu ni kuhama familia, yaani kutoka Android kwenda iOS au kinyume chake. Kwa mtumiaji wa kawaida hatua hii humaanisha kununua simu nyingine.

Kiraka cha usalama kisicheleweshwe

Umuhimu wa viraka ulidhihirika mwezi Julai 2015, pale watafiti wa usalama walipotangaza kugundua udhaifu katika sehemu ya Android inayoshughulikia sauti na video, iliyojulikana kwa jina la Stagefright. Ujumbe mmoja wa picha au video ungetosha kumwezesha mhalifu kuingia katika simu, hata kabla ya mwenye simu kuufungua. Watafiti hao walikadiria kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Kuanzia Agosti mwaka huo, Google ilianza utaratibu wa kutoa taarifa na viraka vya usalama kila mwezi.

Hata hivyo, kiraka hakimfikii mtumiaji moja kwa moja. Google ikishakitoa, kila mtengenezaji hulazimika kukirekebisha kiendane na simu zake ndipo akisambaze. Baadhi hufanya hivyo kwa wakati, wengine huchelewa, na simu nyingi za bei nafuu huacha kupokea viraka mapema. Kwa iPhone njia ni fupi, kwa kuwa kampuni moja hutengeneza simu na mfumo wake.

Mtumiaji wa Android anaweza kufahamu hali ya simu yake kwa kufungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, na kutazama tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Tarehe hiyo ikiwa ni ya mwaka mmoja au zaidi nyuma, na hakuna sasisho linalopatikana, ni dalili ya kutosha kwamba mtengenezaji ameacha kuihudumia simu hiyo.

Toleo jipya linaweza kusubiri

Toleo kubwa huhitaji tafakuri zaidi. Mfumo mpya huandikwa kwa kuzingatia simu mpya zenye uwezo mkubwa, hivyo simu ya zamani inaweza kulemewa. Desemba 2017, Apple ilikiri kwamba baadhi ya masasisho yake yalipunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka, ikieleza kuwa lengo lilikuwa kuzuia simu kuzimika ghafla. Mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja. Jambo lililolalamikiwa zaidi ni kwamba wateja walifanya uamuzi bila kuelezwa matokeo yake.

Jambo la pili ni ugumu wa kurudi nyuma. Apple huacha kuidhinisha matoleo ya zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka, na watengenezaji wengi wa Android huzuia kurejesha toleo lililopita. Aliyeingia kwenye toleo jipya hana budi kuendelea nalo.

Kwa sababu hizo, mwenye simu iliyo ndani ya muda wake wa huduma anaweza kusubiri wiki chache baada ya toleo kubwa kutoka, ili kasoro za mwanzo zirekebishwe, huku akiendelea kupokea viraka. Mwenye simu yenye hifadhi iliyokaribia kujaa aanze kwa kuondoa video na programu asizozitumia. Aidha, ni vyema kuthibitisha kwanza kwamba programu za lazima, hususan za benki na za kazi, zinafanya kazi katika toleo jipya.

Pale mfumo unapofikia ukomo

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huo unamwonya anayevutwa na upya wa kitu. Lakini upo wakati ambapo mbacha wenyewe umechakaa kiasi cha kutokalika.

Mtandao wa WhatsApp, kwa mfano, huacha kuhudumia matoleo ya zamani kila baada ya muda. Tangu Oktoba 2023 unahitaji Android 5.0 au toleo la juu zaidi, na tangu Mei 2025 unahitaji iOS 15.1 au zaidi. Simu iliyo chini ya viwango hivyo inaweza kuwa nzima kwa umbo, lakini mwenye nayo hukatika na makundi ya familia, wateja na vikundi vya kuweka akiba.

Historia inaonesha kwamba hata mfumo mzima unaweza kutoweka. Mwaka 2011 kampuni ya Nokia iliamua kuachana na Symbian na kuelekea Windows Phone ya Microsoft. Mfumo huo nao haukudumu; huduma kwa toleo lake la mwisho zilikoma kufikia Januari 2020. Tarehe 4 Januari 2022, kampuni ya BlackBerry ilisitisha huduma za mifumo yake ya zamani, na ikatahadharisha kwamba simu hizo zisitegemewe tena hata kwa kupiga na kutuma ujumbe mfupi.

Funzo kwa mnunuzi ni kuuliza muda wa huduma kabla ya kuuliza ukubwa wa kamera. Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa simu za Pixel 8 zilizotoka mwaka 2023, na Samsung ikatoa ahadi kama hiyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinawataka watengenezaji kutoa masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Simu ya bei nafuu iliyobakiwa na mwaka mmoja wa huduma inaweza kuwa ghali kuliko ile ya bei ya juu kidogo itakayohudumiwa kwa miaka mitano.

Kuhama kutoka familia moja kwenda nyingine

Anayehama kati ya Android na iOS atambue kwamba si kila kitu humfuata. Majina ya wateja, picha na kalenda huhamishika kwa urahisi. Programu zilizolipiwa katika mfumo mmoja hazihamii mwingine, hununuliwa upya. Nakala ya mazungumzo ya WhatsApp iliyohifadhiwa Google Drive haiwezi kufunguliwa katika iPhone. Mazungumzo hayo huhamishwa kwa njia maalumu, wakati iPhone mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza au baada ya kufutwa kabisa. Kwa hiyo asiyehamisha mazungumzo yake siku ya kwanza anaweza kulazimika kuanza upya.

Anayefikiria mfumo mchanga ahakikishe kwanza kwamba programu zake zipo humo. HarmonyOS NEXT, iliyozinduliwa rasmi nchini China Oktoba 2024, haiendeshi programu zilizoandikwa kwa ajili ya Android. Mfumo unaweza kuwa bora kiufundi, lakini usipokuwa na programu ya benki ya mtumiaji haumfai.

Usalama wa fedha za simu

Hofu kubwa ya wananchi wengi ni kupoteza fedha zilizo katika akaunti za simu. Ieleweke kwamba salio la M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa halikai ndani ya simu. Lipo katika mifumo ya mtoa huduma na limefungamanishwa na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Huduma inayopatikana kwa kupiga namba kama *150*00# haitegemei mfumo endeshi, ndiyo maana hupatikana hata kwenye kitochi. Mwananchi anayetumia njia hiyo pekee hana sababu ya kubadili simu kwa ajili ya fedha zake.

Hali ni tofauti kwa anayetumia programu ya benki au ya mtandao wa simu. Programu hizo hutambua simu husika, na baada ya kuhama humtaka mteja ajithibitishe upya, mara nyingi kwa ujumbe unaotumwa kwenye laini yake. Kwa hiyo laini iwe hai na mkononi kabla ya kuanza.

Hatua za kufuata

Kabla ya kubadili toleo au simu, mtumiaji anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kuhifadhi nakala rudufu ya picha, majina na mazungumzo. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na iCloud ya Apple gigabaiti 5.

2. Kuhakikisha anakumbuka nywila za akaunti zake kuu, na kwamba namba ya simu iliyoandikwa katika akaunti hizo bado anaitumia.

3. Kuchaji betri vya kutosha na, inapowezekana, kutumia Wi-Fi ili kuokoa kifurushi.

4. Kufanya sasisho wakati asipohitaji simu kwa dharura, wala si katikati ya siku ya mauzo.

5. Kwa anayenunua simu iliyokwishatumika, kuhakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake mbele yake. Simu iliyofutwa bila kuondoa akaunti hubaki imefungwa. Vilevile apige *#06# ili kupata namba tambulishi ya simu na kuilinganisha na iliyo kwenye boksi na risiti.

6. Kwa anayeuza au kumpa ndugu simu ya zamani, kuondoa akaunti na kufuta kila kitu baada ya kuthibitisha kwamba simu mpya inafanya kazi.

Masasisho ya kweli hupatikana ndani ya Mipangilio ya simu yenyewe. Ujumbe wenye kiungo unaodai kwamba simu itafungwa asipobonyeza, au mpigaji anayeomba namba ya siri ili kukamilisha sasisho, ni utapeli. Namba inayotumika kwa utapeli iripotiwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kupitia namba 15040.

Kwa muhtasari, viraka vya usalama vikubaliwe mara vinapotoka. Toleo jipya likubaliwe baada ya nakala rudufu na uhakika wa hifadhi. Na simu ibadilishwe pale inapoacha kupokea viraka au kushindwa kuendesha huduma ambazo mwenye nayo anazihitaji. Iwapo simu bado inahudumiwa na inakidhi mahitaji hayo, kutoka kwa modeli mpya dukani si sababu ya kutosha kuiacha.